Mkono uliokataa kuinuka

Ilikuwa Jumamosi ya Februari 2014, mjini Berlin, ghorofa ya pili ya jengo lililowahi kuwa karakana ya useremala. Wanafunzi wa darasa hilo la kufunga watu kwa kamba, kwa mtindo wa Kijapani, walikuwa wanane, wamekaa wawili wawili, wote watu wazima waliokuja kwa hiari zao na kulipa ada. Mimi nilikuwa mtu wa kamba: kuzitayarisha kabla ya darasa, kuzihesabu, na likiisha kuzikagua moja moja.

Mwalimu alikuwa Mjerumani wa miaka hamsini na ushei. Kamba alizianzia kwenye majukwaa ya maigizo, akipandisha mapazia na taa, kisha akaenda Tokyo kujifunza kufunga watu. Njia hiyo wenzake walikwisha kuipita. Osada Steve, naye mzaliwa wa Ujerumani, alijifunza kwa Osada Eikichi, akachukua jina la mwalimu wake na kufundisha huko huko Tokyo, na Wazungu wengi walipita mikononi mwake. Wajapani wana maneno mawili. Shibari ni kufunga tu, hata ukifunga mzigo. Kinbaku ni kufunga kwa kukaza, nalo ndilo jina la sanaa. Asili yake huhusishwa na hojojutsu, ufundi wa kufunga wahalifu wa zama za Edo, Japani ya karne ya 17 hadi ya 19, lakini anayetajwa kuitoa kwa askari na kuitia kwenye picha ni mchoraji Itō Seiyū (1882–1961). Historia hiyo mwalimu aliimaliza kwa dakika tano. Saa nzima iliyofuata ilikuwa ya kamba, na nadhani alikuwa sahihi.

Tulikuwa na kamba 24, sita kwa kila jozi, kila moja mita saba na nusu, unene milimita 6, nyuzi tatu zilizosokotwa kwa ulegevu. Zote za juti, ile ile ya magunia. Katika sanduku lake mwalimu aliweka pia kipande cha kamba ya katani, akakipitisha mkononi mwa kila mwanafunzi ili wakiguse. Katani hutoka kwenye jani la mkonge: uzi wake ni mgumu, na ukikatika hubaki umesimama kama mwiba. Juti hutoka kwenye ganda la shina: uzi ni mwembamba, hulala. Aliyekulia pwani, akazijua kamba za katani na za usumba wa nazi, haelezwi mara mbili kwa nini hizo hufunga jahazi na boriti lakini haziwekwi kwenye ngozi ya mtu. Nailoni nayo aliikataa, kwa sababu nyingine: inateleza, kwa hiyo inadai mafundo mengi, na ikivutwa kwa kasi inaunguza.

Kamba ya juti ikitoka kiwandani haifai kitu. Ina manyoya, ina vumbi, na imekakamaa. Wapo wanaoichemsha, yeye hakuchemsha, akisema maji huivimbisha na kuifupisha, na usipoikausha ikiwa imevutwa, msokoto unaharibika. Tulikata kwa urefu, tukapiga fundo kila ncha ili isifumuke, tukazivuta kati ya nguzo mbili usiku kucha. Asubuhi tulibabua manyoya juu ya jiko la gesi. Moto uwe wa buluu, maana ule wa njano unaacha masizi, na mkono usisimame hata kidogo. Ukisita sekunde mbili umeshaunguza uzi wa ndani, na kwa nje huoni kitu. Baada ya hapo kitambaa chenye matone machache ya mafuta ya jojoba, kamba inapitishwa mara mbili. Mafuta ya kupikia hayatakiwi, yanavunda. Mafuta yakizidi, hata yawe mazuri namna gani, kamba inateleza, na ufungaji huu wote unategemea msuguano kuliko mafundo.

Ukaguzi ni kuisokotoa kamba kinyume, shubiri kwa shubiri, hadi nyuzi tatu ziachane, uone ndani. Uzi mmoja ukiwa umekatika au umesagika, kamba hiyo hairudi kwenye kubeba uzito wa mtu. Inabaki ya mazoezi ya sakafuni.

Somo la siku lilikuwa takate-kote, mikono nyuma. Kamba hukunjwa katikati na kazi huanzia kwenye kitanzi cha katikati, kwa hiyo kila mzunguko mmoja ni mistari miwili. Mikono hulazwa mgongoni, kila kiganja kikielekea kiwiko cha upande wa pili, na mizunguko miwili ya kwanza hushika mikono yote miwili juu kidogo ya vifundo vya mikono, si juu ya mifupa yenyewe. Vidole viwili vipite chini ya kamba. Fundo liwe lile lisilojikaza likivutwa. Mwalimu alilijaribu kila moja kwa kulivuta kwa nguvu. Kisha kamba hupanda, huzunguka mikono ya juu na kifua mara mbili. Kamba ya pili huunganishwa, nayo huzunguka mikono na mwili chini ya kifua mara mbili.

Halafu zinakuja kannuki, ambazo anayeanza huziona kama pambo. Ni mistari mifupi inayopita kati ya mkono na ubavu, ikizibana pamoja kamba za chini, upande wa kulia na wa kushoto. Neno lenyewe kwa Kijapani ni komeo la lango. Kazi yake ni komeo kweli: kamba za chini zisipande mtu akianza kubeba uzito wake.

Kabla ya kufunga, kila mmoja alitafuta neva, yaani mshipa wa fahamu, ya mwenzake kwa kidole. Neva ya radiali huuzunguka mfupa wa mkono wa juu kwa nyuma na kutokea upande wa nje, ambako inalala karibu na mfupa. Ukiibonyeza, watu wengi husikia msisimko unaoshuka hadi nyuma ya kiganja, kati ya gumba na kidole cha shahada. Mahali hapo panahama kati ya mtu na mtu, kwa hiyo hakuna kipimo cha sentimita cha kumfaa kila mtu. Mwalimu alipatia alama ya kalamu.

Jozi ya tatu walikuwa mke na mume. Mke ndiye aliyefunga. Kamba zake za juu zilikuwa safi, mistari minne bega kwa bega, kama sentimita mbili na nusu kwa upana. Zile za chini zilipandana upande wa kushoto, na komeo la upande huo lilikuwa limelegea. Alipoifunga kamba ya kuning'inizia, itokayo mgongoni, kwenye pete ya chuma ya boriti, mume akainamia mbele, miguu ikiwa bado sakafuni, uzito ukahamia kwenye kamba. Kamba za chini zikapanda vidole vitatu, zikaipita alama ya kalamu, na mstari mmoja kati ya minne ukabeba karibu mzigo wote. Mkanda wa milimita 24 ukawa waya wa milimita 6.

Hakulalamika, maana haikumuuma. Na hilo ndilo linalowapoteza wengi. Mkono wenye damu kidogo huwa baridi na hugeuka rangi, unaonekana. Neva iliyobanwa inaweza kunyamaza kabisa. Mwalimu alikuwa akizunguka kila baada ya dakika chache na jaribio lake: kunja kiganja kuelekea nyuma, ishara ya trafiki anayesimamisha gari, kisha inua gumba, kisha panua vidole. Mume alipanua vidole kwa shida. Gumba halikwenda popote. Kiganja cha kushoto kilibaki kinaning'inia kama kitambaa kilicholowa.

Mkasi wa uokoaji, ule wa ncha butu, ulikuwa ndoanoni hatua mbili kutoka pale. Mke aliukimbilia. Mwalimu alimzuia kwa neno moja, kwa sababu ukikata kamba inayobeba uzito, mtu mwenye mikono nyuma anaanguka kifudifudi. Yeye alijiingiza chini ya kifua cha mume, akambeba kwa bega hadi kamba ya kuning'inizia ikalegea, akamwambia mke aifungue kwenye pete, wakamkalisha. Ndipo wakaanza na kamba za chini, mara moja, bila kungoja kufungua kwa mpangilio. Hata dakika haikwisha. Mkasi haukutumika.

Hakumkanda mkono wala kuuvuta. Alimwambia aende kwa daktari siku ile ile, na kamba asiziguse tena hadi apone. Daktari alikuta neva imebanwa, haijakatika, akamvisha kifaa cha kushikilia kiganja. Wiki ya tatu kiganja kilianza kuinuka; wiki ya sita mume alifunga vifungo vya shati mwenyewe.

Darasa halikuendelea na kuinua watu kwa kamba siku hiyo. Saa mbili zilizobaki zilikuwa za komeo peke yake: kufunga, kuvuta kwa mkono, kuangalia kama kamba ya chini inapanda, kufungua, kuanza upya. Jozi moja ilichoka ikaomba kurudia kamba za juu, ikakataliwa.

Usiku nilizikagua kamba zote 24, shubiri kwa shubiri, na za jozi ya tatu mara mbili. Hakuna uzi uliokatika.