Wageni wameondoka, sasa ndo nawasikia vizuri

Kundi la mwisho limepanda basi jana pale stendi ya Nyegezi hapa Mwanza kurudi Sengerema, na leo ndo nimekaa ndani peke yangu bila mtu kuniita. Watoto wako shule, baba yao kasharudi kazini Geita, mimi duka la dawa naingia zamu ya jioni, kwa hiyo mchana wote nyumba ni yangu na nasema wazi kabisa nafurahi. Nafurahi sana. Najua kwetu ukisema hivyo kuna watu watakuona una roho mbaya, mgeni baraka bwana, unafurahije kaondoka? Lakini mi nawapenda ndugu zangu na kimya pia nakipenda, na sioni kwa nini nifiche kimoja.

Walikuja kwa ajili ya kipaimara cha kijana wetu mkubwa. Shangazi ndo alitangulia, halafu mama mdogo na wanae, halafu baba mkubwa na wajukuu zake ambao wawili kati yao nlikuwa sijawahi kuwaona kabisa. Walikuja na kuku wa kienyeji wamefungwa miguu, mananasi, mihogo, na kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, ambacho hata sasa kipo pale jikoni nyuma ya mlango.

Niseme kitu kuhusu daraja wanalopita kuvuka ziwa kuja huku maana watu wa huku mtanielewa. Zamani mtu wa Sengerema kuja kulala Mwanza ilikuwa lazima awe na sababu, unafika Busisi unakuta foleni ya magari inasubiri kivuko, unaweza kukaa masaa, na kurudi hivyo hivyo. Kwa hiyo kuna ndugu sisi tulikuwa tunaonana nao kwenye misiba tu, mnasalimiana na macho yana machozi, mnazika, mnaachana. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita kama 3 hivi za juu ya maji, basi linapita dakika chache tu hata abiria hajamaliza kuangalia nje. Sasa watu wanakuja, na wanakuja kwa wingi, na kwenye furaha. Mi hilo daraja nalipenda kwa sababu hiyo kuliko hata hayo mambo ya biashara yanayosemwa.

Ila nyumba yetu ni ndogo jamani. Magodoro sebuleni, neti zimefungwa kwenye misumari ya picha, soketi moja ina chaja tano, foleni ya bafuni inaanza saa kumi na moja alfajiri na huo mlima wetu wa Igogo maji ya bomba siku nyingine yanachoka kupanda, so simtanki ikiisha ni ndoo kichwani. Luku ya umeme ilikuwa inaisha hata sijui inaenda wapi. Shangazi alikataa ugali wa watu wengi kupikwa kwenye gesi, akasema hauivi, akatafuta mawe matatu akapanga mafiga pale uani na sufuria kubwa tuliyoazima kwa jirani, akasonga dona mwenyewe na umri wake ule. Na sato wa chukuchuku, nyanya, kitunguu, ndimu, chumvi basi, mchuzi mweupe mwembamba, watu wakanyamaza wanakula. Hapo tu ndo nyumba ilikuwa inanyamaza.

Na shangazi huyu hakungoja siku ya tatu apewe jembe, alilitafuta mwenyewe akapalilia kale kabustani kangu ka mchicha nyuma ya nyumba, asubuhi naamka nakuta "mwangaluka" yake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ipo dirishani na majani yashatolewa yote.

Usiku ndo watoto walikuwa wanafurahi zaidi. Kutoka kibarazani kwetu giza likiingia unaziona taa za wavuvi wa dagaa mbali huko ziwani, siku hizi ni za sola, karabai zimebaki chache. Mjukuu mdogo wa baba mkubwa akauliza ule mji unaitwaje. Baba mkubwa akamweleza kwamba sio mji, ni mitumbwi, dagaa wanafuata mwanga, ndo maana mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika maana mwanga umejaa kila mahali na taa yao haina nguvu tena. Yule mtoto akaanza kuzihesabu akalala palepale mapajani kwa babu yake.

Sasa leo. Nimeamka nimewapa watoto chai wakaondoka, nikafagia mara moja, nikakunja magodoro, halafu nikakaa kibarazani na kikombe changu na sikuwasha redio wala tivii, simu nimeiacha chumbani. Mwanzoni masikio yanakuwa bado yanasubiri, unahisi kuna mtu atakuuliza chumvi iko wapi. Baadae yanaachia. Nikaanza kusikia kunguru kwenye bati la jirani, injini ya mtumbwi huko chini, mtu anaponda kokoto sehemu fulani mlimani, kooh, kooh, anapumzika, anaanza tena. Vyote hivi vilikuwepo wiki yote ila havikuwa na nafasi ya kuingia.

Na yule mjusi wangu karudi! Pembeni ya kibaraza tuna jiwe kubwa, wanaoijua Mwanza wanajua hapa nyumba ndo zinayafuata mawe, na kwenye hilo jiwe anaishi mjusi dume, kichwa mpaka mabegani ni waridi iliyokolea, na mwili wa chini bluu. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, kabeba jina la mji wetu, ila watu wengi wa hapa wanamrushia mawe tu. Watoto walivyojaa uani alipotea kabisa. Leo jua lilivyoanza kulipiga lile jiwe katokeza kichwa kwenye ufa, akakaa muda mrefu bila kutikisika, anaangalia tu, halafu akapanda juu kabisa akaanza zile pushapu zake, kichwa juu chini juu chini. Muda kidogo yule jike wa kahawia nae akatoka. Nimewaangalia mpaka chai imepoa na sikuwa na haraka yoyote, kitu ambacho mama mwenye watoto na kazi ya zamu anajua thamani yake.

Mchana sijapika. Nimechemsha michembe ya shangazi, nikaila na karanga na maziwa mgando, nimekaa chini kwenye mkeka, nimenyoosha miguu. Upepo wa ziwani ulivyoanza kuingia mida ya saa nane pazia likawa linapanda na kushuka na nyumba ikapoa, wakaazi wa mlimani huo upepo ndo feni yetu.

Na hapo ndo nimeelewa kwa nini nilikuwa nakihitaji hivi hiki kimya. Sio uchovu peke yake. Wageni wakiwepo mwenyeji hasikii. Unahudumia. Mtu anasimulia kitu kizito we unakimbilia sufuria, unarudi unakuta watu wanacheka au wamenyamaza na hujui wamefika wapi. Usiku mmoja shangazi alianza kusimulia habari za marehemu baba alivyokuwa kijana kisiwani Kome, alivyokuwa anavuka kwa mtumbwi na mihogo ya kuuza apate hela ya ada, na siku moja wimbi likachukua mihogo yote wakabaki wanang'ang'ana kupiga makasia mpaka alfajiri. Baba hakuwahi kunisimulia mimi hii kitu. Hata mara moja. Na mi wakati inasimuliwa nilikuwa naingia natoka, mara mtoto kaanguka, mara luku imeisha twende tukanunue, nimepata vipande tu.

Leo vile vipande vimeanza kuja vyenyewe kimoja kimoja, nimekaa pale mkekani nasikia mpaka sauti ya shangazi anavyovuta pumzi kabla hajafika kwenye sehemu ya wimbi. Nikakumbuka baba alivyokuwa anakataa kabisa kula muhogo nyumbani na sisi tukidhani ni tumbo lake. Nikachukua daftari la matumizi la kijana, lile lina kurasa nyingi zimebaki, nikaandika yote ninayoyakumbuka, na pale pasipo na kitu nikaacha mstari mtupu. Nimelia kidogo, sio kwa huzuni sana, ni vile nimemuona baba akiwa na umri wa mwanangu, kalowa, anapiga kasia gizani kwa ajili ya shule. Nisingelia hivyo mbele ya watu wote wale, kwanza wangeniuliza nini na ningeacha.

Saa tisa nimempigia shangazi kumuuliza kama wamefika salama na kumshukuru, halafu nikamuuliza kwenye ule mtumbwi baba alikuwa na nani, maana yeye alisema "wakabaki," sio "akabaki." Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mwanangu hayo sio ya kwenye simu, nakuja Desemba." Nikamwambia njoo shangazi, njoo hata kabla ya wengine, tukae wawili.