Nilivyolipata tatizo la valvu ya kulanti kukata mawasiliano na kompyuta ya gari

Gari langu lilianza hivi: unawasha vizuri kabisa, unatembea dakika nne tano, mara feni ya rejeta inaanza kuvuma kwa spidi yake yote kama vile injini inachemka, ukicheki mshale wa joto bado uko chini, alafu taa ya injini inawaka. Ukizima ukawasha tena linatulia, baadae linarudia yaleyale. Mimi kitu chochote kinachogusa joto la injini sikifanyii mchezo, gasketi ya silinda hedi ikiungua hapo ni kilio, kwahiyo siku hiyohiyo nikalipaki.

Nikachomeka skana, kile kifaa cha kusoma makosa yaliyohifadhiwa na kompyuta ya gari. Hakukuwa na kodi (namba ya kosa) hata moja inayoanza na P, zile za injini yenyewe, ilikuwepo moja tu ya U, zile za mawasiliano, inayosema kompyuta imepoteza mawasiliano na valvu ya kulanti, yaani ya maji ya kupozea injini. Kwa wale ambao gari zao zina thamostati ya kawaida ya nta, hii ni kitu kingine. Ni valvu yenye mota ndogo na chipu yake ndani, kompyuta inaiambia peleka maji kiasi hiki kwenye rejeta na kiasi hiki kwenye hita, yenyewe inatekeleza na kujibu imefika wapi. Ikinyamaza kompyuta haijui maji yanaenda wapi, basi kwa usalama inawasha feni yote. Ndio maana feni ilikuwa inavuma wakati injini hata haijapata joto.

Fundi wa kwanza niliyemuonyesha akasema papohapo, "ndugu yangu valvu imekufa hiyo, tafuta nyingine tufunge." Nikamwomba anipe muda kwanza. Kodi ya U haisemi kifaa kimekufa, inasema nimeita sijajibiwa. Ukimpigia mtu simu asipatikane huwezi kuanza kuandaa msiba, labda simu imeisha chaji, labda hakuna netiweki. Na hii ni hivyohivyo: unaangalia moto (umeme wa plasi), unaangalia eathi (waya unaorudi negativu ya betri), unaangalia waya wa mawasiliano, alafu ndo unaituhumu valvu.

Soketi ya valvu yangu ina waya tatu, moto, eathi na LIN, ndio huo waya wa mawasiliano na kompyuta. LIN inatumia waya mmoja, sio kama CAN, mfumo mwingine wa mawasiliano ndani ya gari, yenye waya mbili zilizosokotwa ambazo ukizima gari ukapima kati yake unategemea kupata om 60. Hizo om 60 usizitafute kwenye LIN, utapoteza siku. LIN ikiwa kimya inakaa karibu na volti za betri, mtu akiongea inavutwa chini karibu na sifuri na kuachiwa kwa kasi sana, kwahiyo mita inakuonyesha wastani unaochezacheza. Mimi nilipata kati ya 9 na 10 na namba hazitulii. Maana yake kompyuta inaongea. Ingeganda kwenye 0 ningeanza kutafuta waya uliogusa bodi.

Moto nikapata 12.3. Eathi, nikaweka mita kati ya plasi ya betri na pini ya eathi, 12.3 tena. Hapo nilikaa chini kabisa, maana kwa vipimo hivi kila kitu kizima na mtu yeyote angesema basi ni valvu.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Mita inavuta umeme kidogo mno, waya uliobakiwa na nyuzi mbili utakuonyesha volti zote kama mzima. Lazima uubebeshe mzigo. Nikachukua balbu ya breki ya wati 21, inakula karibu ampia 2, nikaiunga kwenye pini za moto na eathi za ileile soketi, kwa vipini vidogo vya saizi yake ili nisipanue pini. Ikawaka wekundu hafifu, unaona uzi wa ndani tu. Balbu ikiwa bado inawaka nikapima toka pini ya eathi hadi negativu ya betri, karibu volti 7! Hapo hutakiwi kuona zaidi ya 0.2. Upande wa moto ulikuwa unapoteza 0.1 tu. Nilifurahi jamani, nilipiga makofi peke yangu.

Na yote yakaeleweka. Valvu ikikaa bila kuzunguka inakula umeme kidogo, inajibu vizuri. Injini ikianza kupata joto inaambiwa igeuke, mota inavuta, eathi inashindwa kubeba, chipu inakosa volti inazimika, kompyuta inaita haijibiwi. Ndizo zile dakika nne tano.

Nikaanza kufungua tepu ya wayaringi taratibu kutoka kwenye soketi. Kama shubiri moja hivi vidole vikahisi kabla ya macho, waya wa eathi ulikuwa umelegea sehemu moja, unakunjika kama kamba ya kiatu wakati wenzake wanakaza. Ganda la nje zima, isipokuwa kitundu kimoja kidogo sana, mtu alishawahi kuuchoma kwa ncha ya testa akaacha hivyohivyo. Juu yake inapita hozi ambayo klempu yake imelegea na kulanti imekaukia pale imeacha ukoko. Nikachana ganda, ndani unga wa kijani mtupu, shaba imeliwa, zimebaki nyuzi tatu nazo zimeoza karibu kukatika. Mafundi, nawaomba, msichome waya, na kama umelazimika basi ziba.

Nikakata mpaka nikafikia shaba inayong'aa pande zote mbili, nikaunga kipande kipya cha unene uleule, nikachomea lehemu, nikavalisha mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Klempu nikabadilisha, maana bila hiyo ningerudi palepale, kulanti nikaongeza injini ikiwa imepoa na kutoa hewa.

Balbu ikawaka nyeupe, upotevu kwenye eathi 0.04. Nikafuta kodi, nikaiamrisha valvu kwa skana ifunguke na kujifunga, nikaweka mkono juu yake nikaisikia inazunguka, na kwenye skana nafasi iliyoagizwa na nafasi halisi zinaenda sambamba. Nikatembea nalo mpaka injini ikapata joto kamili, nikazima, nikarudia kesho yake likiwa baridi. Feni kimya, kodi haijarudi, na valvu ni ileile ya zamani.