Ukingo wa kijivu

"Mjomba, kwani jua nalo lina madoa?" Kaniuliza hivyo mtoto wa dada yangu jana, nikajikuta nafungua droo kutafuta yale makaratasi ya Mei 2024.

Wiki ile mnaikumbuka. Kundi la madoa lililopewa namba 3664 lilitanuka hadi kufikia upana wa Dunia kama 15 zilizopangwa mstari mmoja. Nilifunga darubini kwenye stendi nikailekeza juani, na nyuma yake nikaweka karatasi nyeupe. Msichungulie jua kwa darubini kamwe, mtapofuka; mwanga uacheni utue kwenye karatasi.

Ukatua, duara linalotetemeka kidogo kwa sababu ya hewa. Doa kubwa lilikuwa na weusi mzito katikati, na kuuzunguka weusi huo, ukingo wa kijivu. Nikaufuatisha kwa penseli polepole, huku duara likiniteleza na kila mara nisogeze stendi. Nilipofika kwenye ule ukingo mkono ukasita. Palikuwa pametulia tuli, na mimi najua kwamba hapo ndipo plazima, gesi ya moto yenye chaji, hutiririka kutoka kwenye weusi kwenda nje kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde! Mwanaastronomia John Evershed aliugundua mtiririko huo mwaka 1909 akiwa Kodaikanal, India, kwa kuchunguza mistari myembamba ya giza inayoonekana mwanga wa madoa ukitawanywa kuwa rangi: upande mmoja imesogea kuelekea nyekundu, gesi inapotukimbia, upande wa pili kuelekea bluu, gesi inapotujia. Mwaka mmoja kabla yake, mwanaastronomia mwenzake George Ellery Hale alikuwa ameonyesha kwamba doa ni sumaku. Na ni sumaku kali, maelfu ya mara kuliko ya Dunia, hata inazuia joto lisipande kutoka chini. Ndiyo maana doa huonekana jeusi.

Nilikaa pale na penseli hewani. Kasi yote ile, na jicho langu haliambulii chochote.

Mei 10 milipuko ya kundi lile ikaileta duniani dhoruba kubwa ya sumaku, anga la usiku likawaka rangi hata mahali pasipozoea. Kundi likazungukia upande wa nyuma wa jua. Mwishoni mwa mwezi likarudi na namba mpya, 3697, limepungua ukubwa lakini bado linafyatua milipuko mikali. Nikalichora tena, na bado sijui penseli ichore vipi kitu kinachokimbia kimetulia.