Majani kwa Zamu: Jaribio la Kaliandra Embu

Katikati ya miaka ya 1990 nilitumwa Embu, chini ya Mlima Kenya, kusaidia katika jaribio la kuwalisha ng'ombe wa maziwa majani ya kaliandra badala ya chakula cha madukani. Kaliandra ni mti mdogo wenye asili ya Amerika ya Kati, na majani yake yana protini nyingi. Wafugaji wa huko, wengi wao wakiwa na ng'ombe mmoja au wawili waliofungiwa zizini kando ya mibuni, walitegemea nepia, nyasi ndefu za kulishia ng'ombe, ambayo kiangazi hukomaa ikabaki mashina matupu. Chakula cha madukani walikinunua pesa za kahawa zilipoingia. Zilipokwisha, maziwa nayo yalipungua.

Mpango tuliofika nao ulikuwa wa makundi mawili: ng'ombe wa kundi moja wapewe majani, wa kundi la pili wale nepia peke yake ili tupate kulinganisha. Tulipoueleza mkutanoni, mama mmoja wa makamo alisimama akasema, "Daktari, maziwa ya huyu ng'ombe ndiyo karo ya watoto. Mkiniambia nisimpe kitu, nitawaitikia hapa, halafu usiku nitampa." Watu walicheka, lakini hakuna aliyempinga. Mzee mmoja akaongeza kwamba ng'ombe wake alikuwa amezaa mwezi uliopita na wa jirani yake alikuwa karibu kukauka. Tungewapimaje kama mapacha?

Mkuu wetu hakubishana nao. Aliwauliza kama wangekubali kila ng'ombe apate chakula cha madukani na majani kwa zamu, na hapo mkutano ukachangamka. Kwa utaratibu huo ng'ombe hulinganishwa na nafsi yake, wala si na wa jirani aliye tofauti kwa umri na mbegu. Na kwa kuwa maziwa hushuka yenyewe kadiri miezi inavyopita baada ya kuzaa, nusu ya ng'ombe walianza na majani na nusu wakaanza na chakula cha madukani. Vipimo vya siku za mwanzo za kila zamu havikuhesabiwa, kwani tumbo la ng'ombe huhitaji muda kuzoea chakula kipya. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote chuoni, lakini sikuwahi kuyaona yakidaiwa na wenye ng'ombe wenyewe.

Kwa yule mama nilifika alfajiri, kabla hajakama. Alikuwa amekwisha kukata majani, akayafunga kwa kamba ya mgomba, nasi tukayatundika kwenye mzani hadi yakatimia kilo 6 za siku hiyo. Yalipaswa kuliwa yakiwa mabichi, kwa sababu wakati huo tuliamini kwamba yakikauka husagika kwa shida tumboni. Kwenye ubao wa zizi, upande wa ndani, alikuwa na alama zake za makaa: mistari mirefu ya maziwa yaliyokwenda ushirika, mifupi ya yale ya nyumbani, na nukta kwa kila jioni ambayo ndama aliachiwa kunyonya. Fomu yetu haikuwa na nafasi ya ndama. Niliinakili mistari yote pamoja na nukta zake, na bila nukta hizo tungedhani kwamba ng'ombe yule alipunguza maziwa kila jioni kwa sababu ya majani.

Majaribio ya Embu yalionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi hufanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha madukani. Tulipowasomea wafugaji matokeo hayo, walinyamaza kidogo, kisha yule mama akauliza miti mingapi ingetosha ng'ombe mmoja mwaka mzima. Tukamwambia kama 500. Swali lake hilo, kwangu mimi, lilikuwa zito kuliko yote tuliyokuwa tukipima, kwa kuwa shamba lake lilikuwa dogo na kila kipande kilikuwa na kazi yake. Alianza kuhesabu kwa vidole: kingo za matuta, ua wa boma, kisha mpaka wa juu. Jirani yake aliyekuwa ameketi karibu alikubali mpaka utumike, mradi miti ikatwe mara kwa mara isije ikayatia mahindi yake kivuli, na wote wawili wakatugeukia kuuliza kama mbegu zingefika kabla ya mvua za Oktoba.