IP ya kudumu: ya ndani haifanyi kazi ya ile ya nje
Ukiandika IP (namba ya anwani ya kifaa kwenye mtandao) kwa mkono kwenye laptop halafu baada ya siku chache printa inagoma au Wi-Fi inakatika-katika, mara nyingi namba uliyochagua imo kwenye zile ambazo ruta inagawa yenyewe kwa DHCP, na kifaa kingine kimeshapewa. Ruta ikigawa 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200, wewe chukua 192.168.1.20. Subnet maski 255.255.255.0, geti ni IP ya ruta yenyewe (mara nyingi 192.168.1.1), DNS (seva zinazogeuza majina ya tovuti kuwa IP) 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Ukitaka kujua kama namba iko huru, usiamini ping (kuiita namba uone kama inajibu) peke yake, kifaa kilichozimwa hakijibu.

Binafsi napendelea kuihifadhi namba kwenye ruta kwa MAC ya kifaa (namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao), ili ruta ikipe IP ileile kila mara. Laptop inabaki kwenye DHCP, kwa hiyo hata ukiwa hotelini Wi-Fi inashika bila usumbufu. Kwenye simu, zima MAC ya kubahatisha kwa mtandao wa nyumbani tu, la sivyo ruta inaweza kuiona kama simu ngeni.

Sasa hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima: ofisi ikiomba "IP yako" ili iiruhusu kwenye seva, haitaki hiyo 192.168. Inataka ya nje. Fungua ukurasa wa WAN (upande wa intaneti) kwenye ruta. Ukikuta namba inayoanza na 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya CGNAT, mnatumia IP moja ya nje na wateja wengine. Hapo hakuna mpangilio wa laptop utakaosaidia. Lipia IP maalumu kwa mtoa huduma wako, au ofisi ikupe VPN (njia salama ya kuingia kwenye mtandao wake).