Siku moja lindoni London: mimi, kamera 32 na mzee Bentham kwenye kabati la kioo

Saa kumi na moja alfajiri simu inalia chini ya mto, naizima fasta maana chumba tunashea wawili na mwenzangu ndo kwanza karudi zamu ya usiku. Chai ya maziwa kwenye chupa, chapati mbili za jana, koti, leseni shingoni, haya twende. Nyumbani Tanga wakisikia niko London wanadhani nakula bata, jamani mi ni mlinzi, nakaa kwenye kiti masaa 12 naangalia skrini.

Saa kumi na mbili kasoro niko kwenye treni Barking naelekea Euston Square. Behewa zima walinzi, wapishi na kinamama wa usafi, tumelala midomo wazi.

Saa moja kamili napokea lindo. Mtu wa usiku ananikabidhi funguo na daftari la matukio, anasema "kimya" halafu anatoweka. Chumba cha kamera kiko chini kabisa, hakina dirisha, skrini 8 na kamera 32.

Saa tatu wenye ofisi wanaingia, na hapa ndo kuna mchezo ninaoupenda. Mtu anakuja anajikuna, anapiga miayo, akifika chini ya kamera ya mlangoni anajiweka sawa, shati linachomekwa, uso unakunjuka. Wala hajui kama nipo au nimeenda msalani. Nilidhani ni jambo la siku hizi kumbe kuna mzee alishalipigia hesabu zamani, Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa hapahapa London, kazaliwa 1748. Alikwenda Urusi kumtembelea mdogo wake Samuel, akakuta dogo kabuni jengo la duara la kusimamia wafanyakazi, mzee akaona hili linafaa gereza. Vyumba vya wafungwa vinazunguka pembeni, katikati mnara, madirisha ya mnara yana mapazia hivyo mfungwa hajui kama anatazamwa saa hizi au la. Asiyejua inabidi ajichunge muda wote, yaani anakuwa askari wa nafsi yake mwenyewe. Alilihangaikia miaka karibu 20, serikali ikagoma kulijenga, mwaka 1813 ikamlipa fidia pauni 23,000. Mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault mwaka 1975 akaja kusema lile gereza halikuhitaji hata kujengwa, shule, kambi na viwanda vinaendeshwa kwa akili ileile. Mi nimekaa ndani ya huo mnara, tofauti ni kwamba wangu uko chini ya ardhi na unanuka soksi.

Saa tano na dakika kumi, kamera namba 9, ngazi za nyuma. Mama wa usafi, Mkongo wa Lubumbashi, tunaongeaga Kiswahili, anaweka ndoo chini, anakaa kwenye ngazi, anavua kiatu cha kushoto na kuanza kukanda kisigino. Sheria ya kontrakta: mfanyakazi akikaa nje ya muda wa mapumziko, andika. Natazama saa, dakika nne, sita, tisa, bado anakanda.

Kalamu iko mkononi.

Sasa huyohuyo Bentham alikuwa na hesabu nyingine, kwamba jambo jema ni lile linaloleta raha kubwa kwa watu wengi na kupunguza maumivu, na kila mtu ahesabiwe mmoja, lord mmoja na msukuma ndoo mmoja. Nikipiga hesabu hiyo, upande huu kisigino cha mtu anayesimama tangu saa kumi na moja, upande ule dakika kumi za kontrakta ambaye hata kuzijua hazijui. Tatizo ni mzee mwingine, mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant wa kule Königsberg, aliyeandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako kajificha wapi usimdanganye. Lakini ni yeye pia aliyesema binadamu usimtumie kama chombo tu. Basi Kant ajibizane na Kant mwenyewe, mi nimeandika: saa 5, ngazi za nyuma, hakuna tukio.

Saa nane mapumziko nusu saa, nakata mtaa naenda chuo kikuu pale Gordon Square kumsalimia mzee Bentham. Kweli yupo! Alifariki 1832, akaacha wosia mwili upasuliwe kwa ajili ya elimu, halafu mifupa ivalishwe nguo zake mwenyewe, ikalishwe kwenye kiti, nao wakazijaza nguo nyasi. Sasa yuko ndani ya kioo, kofia pana, fimbo mkononi, kichwa cha nta, wanafunzi wanapita na kahawa zao hawageuki hata. Mtu aliyebuni kumtazama kila mtu, leo anatazamwa yeye na hawezi hata kuvuta pazia. Nikala chapati mbele yake.

Saa kumi supavaiza anapiga. "Saa saba ghorofa ya nne hukugusa kitufe cha doria." Nasahauje, vile vitufe ukigusa na kifaa vinatuma saa na dakika ofisini kwao. Nilikuwa nimemshikia mlango mtu wa kiti cha magurudumu. Anasema atakata robo saa. Kwa hiyo mnarani nako kuna mnara.

Saa moja jioni nakabidhi. Mlangoni nakutana na yule mama, ana zamu ya pili jengo la jirani. "Kaka, uliniona?"

"Nimeona ngazi, mama."

Akacheka, akanitilia karanga mfukoni.

Saa mbili treni inatoka chini ya ardhi baada ya Bow Road, mtandao unarudi, meseji za mke wangu zinamwagika. "Baba Zuhura, saa kumi ulikuwa onlaini, nimekutumia habari ya ada, tiki za bluu, kimya." Saa kumi ya Tanga ni saa nane yangu, nilikuwa kwa Bentham. Sasa naanzaje kumweleza kwamba nilikuwa nakula na maiti ya mzungu? Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima tiki, nikazima na ile ya kuonekana mara ya mwisho.

Hata West Ham hatujafika, simu ikaita.

"Baba Zuhura, mbona umezima? Unamficha nani?"

Nimewasha.