Namna ninavyomnasa mwandishi mkuu mpya

Habari zilipotoka mwaka 2024 kwamba Ron Carlivati, mwandishi mkuu wa Days of Our Lives, tamthilia ndefu ya Marekani, ameondolewa na kalamu wamekabidhiwa Paula Cwikly na Jeanne Marie Ford, wenzangu walianza kulalamika papo hapo: "Mnaona wapya walivyoiharibu?" Wapya gani? Tamthilia ile hurekodiwa miezi mingi kabla ya kurushwa. Kazi ya Carlivati tuliendelea kuitazama hadi 2025. Watu walikuwa wanamsema mtu ambaye hata salamu hajatoa.

Basi mtu atajuaje mwandishi mkuu mpya ameanza lini hasa? Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa nisome majina ya waandishi yanayopita kwenye skrini. Nikasoma. Nilisimamisha picha, nikakodoa macho, nikarudisha nyuma, usiku baada ya usiku, nikaishia kuumwa shingo. Jina hukuambia nani ameajiriwa tu. Mwandishi mkuu hupanga safari ndefu ya hadithi, wengine huigawa siku kwa siku, wengine tena huandika mazungumzo. Anayeingia hurithi vya mwenzake, na kwa muda jina jipya linakaa juu ya hadithi ya zamani.

Ushauri wa pili ulinichekesha: eti wafu wakifufuka, ujue mwandishi kabadilika. Mkumbukeni James E. Reilly! Akiwa mwandishi mkuu wa Days hiyohiyo aliua wahusika mfululizo kuanzia 2003, na 2004 wakaonekana kisiwani, wazima wa afya. Aliyewaua na aliyewafufua ni yuleyule.

Mimi nina daftari. Naandika maswali ambayo hadithi imeyaacha hewani: nani baba wa mtoto, barua iko wapi, yule binamu aliyepanda ghorofani atashuka lini. Swali likijibiwa taratibu, kwa vilio na mapumziko ya matangazo, basi mwenyeji bado yupo. Yakijibiwa matatu wiki moja, tena mojawapo kwa sentensi moja jikoni, hapo kuna mtu anafagia nyumba aliyoikuta. Mazungumzo msiyaangalie sana, waandishi wake mara nyingi hubaki. Angalieni nani ghafla hana kazi: daktari aliyekuwa kila kipindi sasa anapita na faili tu.

Tamthilia nyingine, General Hospital, ndiyo iliyonipa heshima nyumbani. Mwaka huohuo wa 2024 Patrick Mulcahey na Elizabeth Korte walichukua kalamu kutoka kwa Dan O'Connor na Chris Van Etten, kisha Mulcahey akaondoka na Van Etten akarudi, sasa yeye na Korte. Huko hawarekodi mapema kiasi cha Days, kwa hiyo mabadiliko yanaonekana haraka. Dada yangu alikuwa akinicheka na daftari langu. Siku hizi ananiuliza kwanza kabla ya kukasirika.

Anayetazama The Bold and the Beautiful asihangaike kununua daftari. Bradley Bell ameshikilia kalamu tangu miaka ya 1990, na haonyeshi dalili ya kuiachia.